Kayumba ya Uingereza Tamu, ya Nyumbani Shubiri

Mtumishi wa umma anayepata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya uzamivu Uingereza, akaruhusiwa kusafiri na familia yake, hukabiliwa na maswali mawili kabla hata hajafungua masanduku: tutaishi wapi, na mtoto atasoma wapi? Swali la kwanza hulijibu kwa mfuko wake. La pili hulijibu kwa kitu ambacho hakukipakia, lakini amesafiri nacho: imani kwamba shule ni bidhaa, kwamba bidhaa nzuri huuzwa ghali, na kwamba mzazi mwerevu ni yule anayewahi kununua kabla ya wenzake.

Hoja yangu ni hii. Mzazi huyo akifika Leeds au Leicester humpeleka mwanawe katika shule ya umma ya mtaani, bila aibu na bila hofu, na mtoto husoma. Kisha hurejea nyumbani na kuendelea kuamini kwamba shule ya umma ya mtaani, ile tunayoibeza kwa jina la “kayumba”, ni ya watoto wa watu wengine. Ukinzani huo si wa bahati mbaya. Una maslahi ndani yake, na wanaoulipia gharama ni watoto wa maskini.

Tuanze na mambo yalivyo, maana wengi hubishana juu ya mfumo wasioujua. Nitazungumzia England pekee, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Huko mtoto huanza darasa la awali mwezi Septemba baada ya kutimiza miaka minne, ingawa ulazima wa kisheria wa kusoma huanza baada ya kutimiza miaka mitano. Mzazi haendi kwa mwalimu mkuu na bahasha. Hujaza maombi kwa halmashauri ya eneo analoishi, akitaja shule kadhaa kwa mpangilio wa matakwa yake, kabla ya tarehe 15 Januari kupita. Majibu hutolewa tarehe 16 Aprili. Anayehamia katikati ya mwaka huomba wakati huohuo, kwa halmashauri au kwa shule yenyewe, naye hupewa nafasi pale ilipo.

Shule ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, hutumia vigezo vilivyotangazwa hadharani. Watoto wanaolelewa chini ya uangalizi wa serikali hutangulizwa. Kisha, mara nyingi, wale wenye ndugu shuleni hapo. Kisha wanaoishi karibu. Kanuni za udahili zinakataza shule za umma kumfanyia usaili mtoto au mzazi, isipokuwa shule ya bweni inapotaka kujua kama mtoto anafaa kuishi bwenini. Zinakataza pia kudai mchango wa fedha kama sharti la kumpokea mtoto. Madarasa ya watoto wa miaka mitano hadi saba hayaruhusiwi kuzidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja, ila kwa sababu chache zilizoainishwa kisheria. Tangu Septemba 2014, watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo katika shule hizo hula chakula cha mchana bila malipo.

Mzazi aliyetoka Dar es Salaam anaposoma taratibu hizi hudhani kuna ukurasa umefichwa. Amezoea mtoto wa miaka mitatu kufanyiwa usaili. Amezoea kulipia fomu, kupeleka rimu za karatasi, kununua sare katika duka moja aliloelekezwa, na kumwamsha mtoto alfajiri ya saa kumi na moja ili awahi basi la shule litakalomzungusha nusu ya jiji. Sasa anaambiwa kwamba shule iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, haina ada, na kwamba mwanawe atakaa dawati moja na mtoto wa dereva wa basi na mtoto wa daktari.

Ni hapo imani aliyosafiri nayo inapoamka. Badala ya kwenda kuitazama shule ya jirani, hukaa usiku kucha akipekua orodha za ufaulu. Serikali ya Uingereza ilianza kuchapisha orodha hizo mwaka 1992, kwa shule za sekondari kwanza na za msingi baadaye, na zimezaa biashara nzima ya hofu. Huwauliza Watanzania waliomtangulia: “Shule ipi nzuri?” Naye hujibiwa kwa sauti ya chini: “Ile usiipeleke familia, imejaa wageni.” Ndugu msomaji, tafakari sentensi hiyo. Mgeni anamwonya mgeni mwenzake aikimbie shule kwa kuwa ina wageni. Nyani haoni kundule.

Orodha za ufaulu hupima nini hasa? Kwa sehemu kubwa hupima vitu ambavyo mtoto ameingia navyo shuleni: kipato cha wazazi, kiwango chao cha elimu, na muda ambao mtoto amekuwa akizungumza Kiingereza. Shule iliyowapokea watoto wasiojua neno la Kiingereza na kuwafikisha mbali yaweza kuwa chini ya shule iliyowapokea watoto waliokwisha kufundishwa kusoma nyumbani. Waingereza wenyewe wamekuwa wakilijadili jambo hili kwa uchungu. Chombo chao cha ukaguzi wa shule, Ofsted, kwa miaka mingi kilikuwa kikiihukumu shule nzima kwa neno moja au mawili. Mwaka 2023 mwalimu mkuu mmoja wa Reading alijiua, na uchunguzi rasmi wa kifo hicho ukabaini kwamba ukaguzi ulichangia. Septemba 2024 serikali ilifuta hukumu hizo za jumla kwa shule za umma. Nasi nyumbani tumepita njia inayofanana na hiyo: mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kwamba halitangazi tena shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Lakini kufuta orodha ni rahisi kuliko kuifuta imani iliyoizaa.

Sitaki nieleweke kwamba naimba sifa za Ulaya. Uingereza ina kayumba yake na ina mabwana wake. Takriban watoto 7 katika kila 100 wa England husoma shule za kulipia, na mawaziri wakuu wawili wa miaka ya karibuni, David Cameron na Boris Johnson, wote wametoka Eton. Hata ndani ya shule za umma ubaguzi wa kipato una mlango wake wa nyuma: kwa kuwa umbali wa nyumba ni kigezo, nyumba zilizo karibu na shule yenye sifa hupanda bei, na mwenye fedha hununua nafasi kwa jina la pango. Ujerumani, majimbo mengi huwatenganisha watoto baada ya darasa la nne, huyu akaelekezwa njia ya chuo kikuu na yule njia ya ufundi, wakiwa na umri wa miaka kumi tu. Marekani, sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka San Antonio, iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba tofauti za fedha zinazotokana na mfumo huo hazivunji Katiba. Kwa hiyo mtoto wa mtaa maskini huzaliwa na shule maskini, na sheria husema ni sawa.

Wala shule ya jirani si mahali pa kumtupa mtoto ukaenda zako maktaba. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa wahamiaji wa Karibi walivyokuwa wakirundikwa katika shule za watoto waliodhaniwa kuwa na akili pungufu. Walipimwa kwa mitihani isiyoijua lugha yao wala maisha yao, wakahukumiwa. Na wazazi wao walifanya nini? Hawakuwa na fedha za kukimbilia shule za kulipia. Walijipanga. Walianzisha madarasa ya Jumamosi katika makanisa, kumbi na sebule zao, wakaenda kwenye ofisi za elimu, wakaandika, wakapiga kelele. Watoto wengi weusi wanaoketi leo katika madarasa ya kawaida ya London wananufaika na kelele hizo.

Hilo ndilo somo ambalo mzazi mhamiaji anapaswa kulichukua. Chagua shule iliyo karibu, ambayo mtoto ataiendea kwa miguu na kurudi na marafiki wa mtaa wake. Kisha ingia ndani ya shule hiyo. Nenda kwenye mikutano ya wazazi. Uliza mwanao amewekwa kundi gani na kwa kipimo gani. Bodi za shule nyingi za England zina nafasi za wawakilishi wa wazazi, na wazazi wa asili yetu wanaweza kugombea. Ubora wa shule hautaonekana katika orodha yoyote kwa ukamilifu kuliko katika jibu la mwalimu unapomuuliza, ana kwa ana, kwa nini mtoto wako hajapandishwa kitabu.

Jambo jingine ni lugha, na hapa tabaka letu linafanya dhambi kubwa zaidi. Baba na mama wenye shahada za uzamili wanafika ughaibuni na kuamua kuzungumza na mtoto Kiingereza tupu nyumbani “ili asichanganyikiwe”. Wakati mwingine ushauri huo hutoka kwa mwalimu mwenye nia njema. Mara nyingi hutoka kwa Watanzania wenzao. Hauna msingi. Shirika la UNESCO lilitamka tangu mwaka 1953 kwamba lugha bora ya kuanzia kumfundisha mtoto ni lugha yake ya kwanza. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada ameonyesha kwamba mtoto mhamiaji huweza kuzungumza lugha mpya ya kila siku ndani ya miaka miwili hivi, lakini huhitaji mitano hadi saba kuimudu lugha ya masomo. Na kwamba ujuzi alioujenga katika lugha ya kwanza humsaidia katika ya pili. Mtoto wa miaka minne atakiokota Kiingereza uwanjani, mzazi atake asitake. Kiswahili ndicho asichoweza kukiokota popote pale Leicester isipokuwa katika kinywa cha mama yake na baba yake.

Tazama wenzetu. Sweden, kwa mageuzi yaliyoanza mwaka 1977, huzitaka halmashauri ziwafundishe watoto wa wahamiaji lugha zao za nyumbani endapo wanafunzi wa lugha hiyo wanafika angalau watano na mwalimu anayefaa anapatikana. Yaani serikali ya Wasweden yaweza kumlipa mwalimu ili mtoto wetu asipoteze Kiswahili, wakati mzazi wake mwenyewe anamkataza kukizungumza mezani. Mkataa kwao mtumwa.

Sasa tusafiri na familia hiyo kurudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo ukweli hujulikana. Miaka minne imepita, shahada imepatikana, mtumishi amepandishwa cheo. Mtoto aliyesoma bure miaka yote hiyo, tena pamoja na watoto wa wafagiaji na wauguzi, anarudishwa Dodoma au Dar es Salaam. Je, anapelekwa shule ya msingi ya umma iliyo nyuma ya nyumba? Hapana. Anatafutiwa shule ya mchepuo wa Kiingereza, kwa ada ya mamilioni ya shilingi kwa mwaka, na sababu inayotolewa ni kwamba Kiswahili chake hakitoshi. Kwanza humnyang'anya mtoto lugha, kisha huitumia njaa hiyo ya lugha kama kibali cha kuikimbia shule ya umma.

Mzazi huyohuyo ameishi katika nchi ambako mtoto wa Mwingereza hufundishwa kwa Kiingereza. Kama alisoma Bonn, ameona fizikia ikifundishwa kwa Kijerumani, na hakuna aliyedhani kwamba Wajerumani wamebaki nyuma. Lakini Sera yetu ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyotamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, imeshindwa kuuvuka mlango wa sekondari. Nani waliokuwa na kauli ya kuuvusha na hawakuuvusha? Ni watumishi na wasomi, wengi wao wenye watoto katika mchepuo wa Kiingereza.

Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kitabu ambacho kilianza na swali la Kiafrika: kwa nini reli ya Nigeria iliendelea kuwa mbovu ingawa malori yaliishindania mizigo? Jibu lake lilikuwa kwamba ushindani ule haukuiponya reli, uliidhoofisha. Wateja ambao wangepiga kelele kubwa zaidi, wenye mizigo mikubwa na sauti nzito, walihamia kwenye malori. Reli ikabaki na wasio na njia nyingine, na wasio na njia nyingine hawasikilizwi. Hirschman aliona kwamba jambo hilohilo hutokea kwa shule za umma, pale wazazi wanaojali ubora zaidi wanapokuwa wa kwanza kuondoka.

Hiyo ndiyo historia yetu. Mwaka 1967 tulitangaza Elimu ya Kujitegemea. Kwa sheria ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule za madhehebu na za binafsi zilizokuwa zikipata ruzuku yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisukuma mbele elimu ya msingi kwa wote. Makosa yalikuwapo, na mengi. Lakini mtoto wa katibu mkuu na mtoto wa tarishi waliweza kukutana darasani, na paa lilipovuja, lilivuja juu ya wote wawili. Sera ya mwaka 1995 ikafungua mlango mpana kwa shule za kulipia, na tabaka lenye sauti likapita mlango huo moja kwa moja. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne katika shule za umma haina ada, na madarasa yakafurika. Aliyefurahi ni mkulima. Mkurugenzi hakujua hata kwamba yamefurika, kwa sababu mwanawe hakuwamo.

Najua jibu linalokuja: “Mhadhiri, unataka nimtoe mwanangu kafara? Darasa lina watoto mia na mwalimu mmoja.” Swali hilo ni halali na sitalipuuza. Hakuna mzazi anayestahili kulaumiwa peke yake kwa kumwokoa mtoto wake katika nyumba inayoungua. Lakini mzazi ambaye kazi yake ya kila siku ni kupanga bajeti ya maji ya kuzimia moto ana deni ambalo mkulima hana. Muuguzi wa Temeke anayejinyima ili mtoto asome mchepuo wa Kiingereza simshutumu. Namshutumu anayeidhinisha mgawo wa walimu wa shule ambayo hatakubali mwanawe aisogelee hata kwa jiwe. Mpishi asiyekula chungu anachokipika ana nini cha kutuambia kuhusu chumvi?

Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad nchini India iliagiza kwamba watumishi wa serikali, wanasiasa na majaji wa jimbo la Uttar Pradesh wawapeleke watoto wao katika shule za msingi za serikali. Sipendekezi tuinakili amri hiyo. Mtoto si mali ya serikali, na amri pekee haijengi darasa. Napendekeza jambo dogo zaidi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watoe tamko la mali na madeni yao. Iongezwe sehemu moja: kiongozi mwenye dhamana ya elimu, kuanzia halmashauri hadi wizara, atamke kama watoto wake wanasoma shule za umma au za kulipia. Asilazimishwe kuwahamisha. Wala jina la mtoto au la shule lisitajwe. Atamke tu, nasi wananchi tujue ni wangapi kati ya wapishi wanakula chungu hiki.

Kwa wanafunzi wangu mnaojiandaa kwenda ughaibuni na familia, ninalo ombi jingine. Mkifika, pelekeni watoto shule ya jirani na mzungumze nao Kiswahili. Lakini msirudi na picha za sare na sherehe za Krismasi tu. Rudini na taarifa: darasa lilikuwa na watoto wangapi, mwalimu alisaidiwa na nani, chakula kililipiwa na kodi gani, mzazi alipolalamika alijibiwa na nani na kwa siku ngapi. Mmeishi ndani ya ushahidi kwamba shule ya umma inaweza kumfaa mtoto wa daktari na wa mfagiaji kwa pamoja. Ushahidi huo uwekeni mezani katika vikao vya bajeti, katika mabaraza ya madiwani, katika mikutano ya wazazi wa shule ambazo hamkusudii kuzitumia.

Na mtumishi atakayesimama katika kikao hicho na kusema kwamba kwetu haiwezekani, aulizwe swali moja tu kabla hajaketi: alijaribu lini?